Jua la Siku Tatu za Machi

Idara ya Fizikia na Astronomia,
Mbeya.
Jumapili, 5 Julai.

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Tungekuwa nyumbani kwa baba ningekwambia mwangaluka kwa Kisukuma chetu, ukanijibu huku unachochea moto bila kugeuka. Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, siyo umelalia ule mgongo wa kupalilia vitunguu. Shemeji Ezron hajambo? Na yule mdogo wenu ameshaacha kula udongo? Mimi mwili haujambo. Baridi ya huku mwezi huu inauma masikio, na nguo ukizianika asubuhi unazianua jioni na maji yaleyale. Ila nakula, nalala, na ule mguu ulioteguka umepona kabisa.

Najua unajiuliza kwa nini barua, wakati simu ninayo na vocha ninayo. Dada, wewe simu huwezi kuisikiliza kimya kimya. Unaweka sauti ya nje, shemeji anachangia, aliyekuja kununua vitunguu naye anachangia, na tukimaliza maongezi Ruaha Mbuyuni nzima imeshanisalimia. Hili la leo nataka ulisome peke yako kwanza. Ndiyo maana nimemkabidhi kondakta wa basi hii bahasha na kumwomba sana asisahau kuishusha kwenu.

Linahusu kazi. Unakumbuka nilikwambia kwamba mwisho wa Juni idara itaamua kama niajiriwe moja kwa moja au nifungashe virago. Na mimi nimesikia, usidhani sijasikia, kwamba umeshasimama kanisani ukatoa ushuhuda kuwa mdogo wako anaandika jua chuo kikuu. Walivyoamua nitakwambia. Lakini usiruke kurasa kutafuta mwisho, maana nakufahamu. Soma kwa mpangilio.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa sijawahi kukueleza ukaielewa. Kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili pia kabla ya ibada, naenda kwenye kibanda kilicho nyuma ya idara. Paa lake linasukumwa kwa mkono. Ndani kuna darubini ya zamani. Mtu hatazami jua kupitia humo, angepofuka. Darubini ndiyo inayolitupa jua juu ya karatasi nyeupe iliyokwisha kuchorwa duara, kubwa kama kisahani cha kikombe. Jua linatua hapo, jeupe, na ndani yake yanaonekana madoa meusi. Nayafuata kwa penseli, pale yalipo na vile yalivyo, naandika tarehe, saa na jina langu. Basi, kazi imekwisha.

Siku ya kwanza nilidhani karatasi inateleza. Sijamaliza kuchora doa la pili, jua limeshaanza kutoka nje ya duara. Nikaikandamiza meza kwa mikono miwili hadi ikalia. Aliyekuwa ananifundisha akacheka, akaniambia niiache meza, imetulia, kinachokwenda ni sisi. Dada, nimefundishwa tangu darasa la nne kwamba dunia inazunguka, nimejibu kwenye mitihani nikapata vema. Lakini asubuhi ile ndipo nilipoiona inazunguka huku nimeipanda. Nikatafuta pa kukaa. Kisha akaniambia nitafute doa moja, dogo kama ncha ya penseli, akasema dunia nzima ingeenea ndani yake. Nikaitazama ile nukta nikawaza Usangu kwetu, mashamba yote ya mpunga, ng'ombe wa baba, wewe na vitunguu vyako, wote humo.

Aliyenifundisha ni Mzee Gerson, fundi sanifu wa idara, Mnyakyusa anayeishi Uyole. Yeye ndiye aliyeanzisha uchoraji huu mwaka tisini na nne, na hakuacha hata siku moja mpaka Oktoba iliyopita, aliposimamishwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, haukufaulu. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Ndipo nikachukuliwa mimi kwa mkataba wa majaribio, mimi niliyesoma diploma ya maabara na kuwahi kufanya kazi ya kupima maji tu. Mzee alinipa sheria moja tu. Kukiwa na mawingu, nisimame nisubiri hadi saa tano na nusu. Jua lisipotoka, niandike MAWINGU juu ya karatasi tupu, niweke jina langu, niihifadhi pamoja na nyingine.

Kila Jumatano saa tisa alasiri idara inakutana kwenye ukumbi mdogo. Pana chupa kubwa ya chai, karanga za kuchemsha, na mtu mmoja anasimama kueleza utafiti wake: leo nyota zinazolipuka, wiki ijayo joto la ardhini. Mengi yalinipita juu ya kichwa, nisikudanganye. Lakini nilikuwa nakaa mbele, nimeacha mdomo wazi. Kuna siku kijana mmoja alieleza kwamba chuma kilichomo ndani ya damu yetu kilipikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa zamani. Nilitoka pale nikawa najitazama mikono njia nzima hadi chumbani.

Sasa, kabla ya mtoa mada kuanza, wana desturi yao. Mchora jua anasimama na kuwasomea jua la wiki nzima. Wanaweka vikombe chini, hata maprofesa, na hakuna anayenong'ona. Alhamisi, makundi mawili, madoa saba. Ijumaa, makundi mawili, madoa tisa. Hivyo hadi siku yenyewe. Kisha mchora jua anakaa na mada inaanza. Miaka thelathini na moja alikuwa anasoma Mzee Gerson, na sasa nasoma mimi, mtoto wa mzee Nkuba.

Lakini nilianza Novemba, na wewe mvua za Mbeya unazijua. Januari hivi nilisimama nikasoma: Alhamisi, mawingu. Ijumaa, mawingu. Jumamosi, mawingu. Jumapili, mawingu. Nilipofika Jumanne wanafunzi wa nyuma walikuwa wamebana vicheko. Mgeni mmoja akamuuliza mkuu wa idara, Dokta Violet, kwa utani tu, kama na mawingu nayo yana mshahara wake. Watu wakacheka, Dokta Violet naye akatabasamu. Mimi nikaketi, chai ikanikatalia. Unajua tulivyolelewa. Baba alikuwa anampimia kila mmoja wetu kipande chake cha kupalilia, na asiyekimaliza alikula peke yake, hata kama mvua ndiyo iliyomfukuza. Karatasi tupu mkononi mwangu ilikuwa kama kile kipande.

Sasa nikutambulishe kwa Anyitike. Ni binti wa Tukuyu anayesomea shahada ya uzamivu hapa, tunapanga nyumba moja, tunapika jiko moja. Ni yeye aliyeninunulia sweta nilipofika sina hata koti. Kwa miaka miwili amekuwa akipima karatasi zote za jua, tangu ya kwanza ya Mzee Gerson hadi zangu, doa kwa doa. Ipo mitambo angani inayopiga picha za jua, na nchi nyingine zina wachoraji wao, lakini sharti la idara ni kwamba karatasi zetu zipimwe kwanza bila kuchungulia za wenzetu, ndipo zilinganishwe. Anyitike alilishika sharti hilo hadi wiki hii. Jumatano iliyopita ilikuwa zamu yake kueleza alichopata, na Ijumaa angeanza kulinganisha.

Ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Kutoka Iringa alikuja Profesa Liberatus, mtu mzito katika mambo ya jua, na Mzee Gerson aliletwa kwa gari, akakalishwa mbele na kofia yake mapajani. Nikasoma jua la wiki. Kisha Anyitike akazima taa, akaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alikuwa amezipiga picha karatasi zote na kuziunganisha, zikapita ukutani mfululizo, moja baada ya nyingine.

Dada, sijui nikueleze vipi. Jua likaanza kuzunguka. Madoa yakatokea ukingoni kushoto, yakavuka, yakazama kulia, mengine yakaja. Kwa miaka kadhaa yakawa mengi, yakapungua, yakaisha kabisa, jua likawa jeupe kama yai, kisha yakarudi. Na kila palipokuwa na mawingu ukuta ulikuwa mtupu kwa mpepeso mmoja. Kulikuwa na kipindi ukuta unapepesa tu, ujue ni masika, halafu jua linarudi pale linapotakiwa kuwa, kana kwamba nyuma ya mawingu lilikuwa likiendelea na safari zake. Miaka thelathini na moja ilipita chini ya robo saa. Hakuna aliyegusa karanga. Mzee Gerson hakuona kitu, aliona ukuta ukimulika na kufifia tu, lakini alikuwa amemshika mkono mwanafunzi aliyekaa jirani yake, na yule mwanafunzi alikuwa akimnong'oneza tarehe. Machozi yalinitoka, na siyo ya furaha peke yake.

Kwa sababu Anyitike alikuwa anakaribia Machi ya mwaka huu. Taa zilipowaka alisema katika karatasi zote hizo kuna doa moja ambalo halilingani na lolote. Madoa yote yakikaribia ukingo wa jua yanaonekana kupunguza mwendo, maana jua ni mviringo na pale ukingoni unayatazama kwa ubavu. Lakini lile la tarehe kumi na saba, kumi na nane na kumi na tisa Machi halikupunguza. Lilikwenda hatua sawasawa kila siku, likafika ukingoni siku mbili kabla ya wakati wake. Profesa Liberatus alisimama kabisa. Akasema kwamba kama ni kweli, ni jambo la kuuliza upya mengi, na akataka kujua nani alilichora. Anyitike akaninyooshea mkono huku anacheka kwa fahari, na ukumbi mzima ukanipigia makofi. Profesa akaniomba nisimame niwaeleze asubuhi zile tatu nilionaje.

Dada Veronika, sikuona kitu. Asubuhi zote tatu kulikuwa na mawingu.

Nililichora kwa rula. Jumapili na Jumatatu za wiki ile nililiona kweli, nikapima lilivyosogea, kisha Jumanne jua lilipokataa kutoka nikalisogeza mimi kwa hatua ileile. Jumatano tena, Alhamisi tena. Sikutaka sifa, sikujua kama kuna sifa. Sikutaka tu kusimama wiki nyingine nisome mawingu. Ijumaa na Jumamosi niliogopa, nikaandika mawingu kwa haki, na Jumapili doa lilikuwa limezama, nikajiambia yamekwisha. Nikala nanyi Pasaka, nikakaa jikoni kwako nikikusimulia habari za jua, na wewe ukiwaita majirani waje wasikilize. Hata siku ile nilikuwa najua.

Nilivyosimama pale, niliwaza njia nyingi za kutorokea, nitakudanganya nikisema sikuwaza. Ningesema niliona doa, Ijumaa wakalinganisha na picha za wenzetu, wakakuta halikwenda hivyo. Mimi nani angenishuku? Wangesema darubini ni mbovu, imezeeka. Na darubini ikiwa mbovu, nani atasema ubovu ulianza mwaka gani? Zingeanguka karatasi zote, hadi ile ya mwaka tisini na nne. Nilimwona Mzee amegeuza uso upande niliokuwa, anangoja kunisikia, anatabasamu. Nikasema kulikuwa na mawingu. Nikasema nimechora kwa rula. Sauti ilitoka ndogo hadi Dokta Violet akaniomba nirudie, nikarudia.

Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea. Profesa Liberatus aliketi polepole akafunga kalamu. Anyitike alizima projekta, akakusanya waya wake, akapita karibu yangu bila kuniangalia, na hadi leo chumbani tunapishana kama wapangaji wageni. Mzee Gerson aliuliza jambo moja tu: ni hizo tatu peke yake? Nikasema hizo peke yake, naapa. Akasema anataka kuniamini, lakini karatasi haina mahali pa kuandika kwamba mtu alitaka kuamini.

Alhamisi asubuhi waliniita. Dokta Violet alikuwepo na Mzee alikuwepo. Uamuzi wa kwanza ulihusu karatasi. Kwa sababu tatu ni za uongo na mwenye kuzithibitisha nyingine ni mimi niliyedanganya, zote nilizochora tangu Novemba zimeondolewa. Zaidi ya mia mbili, dada. Kuna asubuhi niliamka na homa nikaenda. Kuna kundi moja la Mei, madoa arobaini na moja, nilichora huku mkono umekufa ganzi kwa baridi, na lilikuwa kweli tupu. Limeondoka na mengine. Mzee aliletewa daftari kuu la kumbukumbu, Dokta akamwongoza mkono hadi kwenye mstari, na yeye mwenyewe akaandika kwa maandishi yaliyopinda: Novemba hadi Juni, haijulikani. Ndivyo miaka yake ilivyokatika, kwa mkono wake na kwa sababu yangu.

Kisha akaomba apelekwe kwenye makabati, na mimi nimfuate. Nilikuwa sijawahi kufungua yale ya chini. Akaniambia nitoe karatasi za mawingu, zake zote. Nilitoa hadi zikanifika kiunoni, na bado. Zaidi ya elfu tatu na mia tisa. Nikawa nafunua. Kila moja tupu, na chini yake kwa penseli: nimesimama saa tatu hadi saa tano na nusu. Nimesimama saa tatu hadi saa tano na nusu. Tarehe ambayo najua ni Krismasi. Tarehe ambayo Dokta aliniambia baadaye ni siku aliyofiwa na mkewe. Yeye alikaa tu kwenye kiti akisikiliza karatasi zinavyofunuliwa. Nimeliona jua karibu kila wiki tangu Novemba, lakini sijawahi kupata hofu ya namna ile, kama ya mtu aliyeingia kanisani na viatu vya shambani. Nilizifunua hadi jioni.

Sasa uamuzi wa pili, huu unaoungoja. Sikuajiriwa. Dokta Violet alikuwa tayari kunirudisha nyumbani na haki ilikuwa yake. Mzee ndiye aliyeomba. Alisema anayechora mwingine hawana, na kwamba huyu angalau ameshajulikana alipoanguka. Nimeongezewa miezi sita ya majaribio, kwa sharti kwamba kila karatasi isainiwe na shahidi. Dokta akauliza shahidi atatoka wapi kila siku ya Mungu saa tatu asubuhi. Mzee Gerson akajibu kwamba atakuja yeye. Dokta akamkumbusha kwa upole kwamba haoni madoa. Akasema madoa atayaona huyu Mbuke, na yanaweza kupimwa kwa picha za wenzetu. Yeye atashuhudia kama jua lilikuwepo.

Ijumaa alikuja kutoka Uyole na basi la kwanza, mtu wa miaka sabini na mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlima Loleza, kibanda hakionekani hadi ukiguse. Alisimama nje mlangoni, akavua kofia, akainua uso kuelekea mashariki, macho ameyafumba. Nami nikasimama kando yake. Ilipita saa nzima na zaidi, umande ukamkaa kwenye nyusi. Kisha akasema limetoka. Nikatazama juu, sikuona kitu, ukungu mtupu, nikataka kumwambia bado. Nikiwa sijafungua mdomo, karatasi ndani ya kibanda ikawa nyeupe.

Nikachora. Makundi mawili, madoa matano. Nikamwekea kidole chake chini ya jina langu, akasaini.

Dada, hayo ndiyo yaliyonileta. Kanisani usiwaambie chochote kwanza, au ukiona vema waambie yote, nakuachia wewe. Baba na mama nitawaandikia mwenyewe. Usinipigie, niandikie, hata mistari mitatu, na kama una hasira ziandike hizohizo. Msalimie shemeji Ezron, wabusu watoto, na mabinti wa shambani uwape salamu zangu kwa majina. Kalamu naiweka chini, ubaridi umeshaingia vidoleni na kesho saa tatu kuna mzee wa kumpokea kituoni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mbuke Nkuba